Gemu za Upelelezi Zinazokuachia Kazi ya Kufikiri: Mwongozo wa Kuzitafuta

Fungua Play Store, andika neno "detective", uone utakacholetewa. Nyingi ni gemu za kutafuta vitu vilivyofichwa: chumba kimejaa vikorokoro, unatakiwa uguse kisu, saa, funguo na kiatu, baada ya muda nguvu zako zinakwisha na unaambiwa usubiri au ulipe. Criminal Case, iliyotolewa Facebook mwaka 2012, ndiyo iliyowazoesha wengi mtindo huu. Sina ugomvi nayo. Foleni ya Ubungo inapita bila kuisikia. Ila kazi ya kufikiri umekwisha kufanyiwa. Mwishoni unaambiwa umkamate muuaji, na unampata kwa kulinganisha sifa ambazo gemu yenyewe imekuandikia: anatumia mkono wa kushoto, anavuta sigara, ana macho ya rangi fulani. Anayelingana nazo ndiye.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kitu kingine: ile dakika ambapo mambo mawili uliyoyaona mbalimbali, moja jana na jingine leo, yanaungana kichwani mwako na hakuna aliyekunong'oneza. Gemu za namna hiyo zipo, na nyingine ni nzuri ajabu, lakini hazikai juu ya orodha zikikusubiri. Inabidi uzitafute kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: amua unamtaka Bwana Msa au Willy Gamba

Waliokulia kwenye riwaya za Kiswahili wanaujua mgawanyo huu hata kama hawajawahi kuutaja. Bwana Msa anawasha kiko, anatazama, anaunganisha. Willy Gamba anapanda ndege na bastola kiunoni, na ukweli anakutana nao njiani, baina ya risasi na risasi. Wote ni wapelelezi, na wote wana wapenzi wao, ila ukimnunulia mpenzi wa mmoja gemu ya mwingine umepoteza hela.

L.A. Noire ya mwaka 2011 imesimama katikati, na ndiyo inayowachanganya wengi kwa sababu jina lake ni kubwa. Unacheza kama polisi Cole Phelps katika Los Angeles ya 1947. Nyuso za waigizaji wa kweli zilinaswa kwa kamera nyingi kwa wakati mmoja, hivyo unapomhoji shahidi unaona macho yanavyokwepa na koo linavyomeza mate. Kwa wakati wake ilikuwa maajabu, na mpaka leo inapendeza kutazama. Baina ya mahojiano unaendesha gari, unafukuza watu juu ya mapaa, unapiga risasi. Tatizo langu nayo si risasi. Ukiharibu mahojiano yote, kesi inasonga mbele tu. Unapewa alama ndogo, lakini hadithi inakufikisha kule kule ilikokwisha kupanga. Halafu kulikuwa na kile kitufe cha kuonyesha mashaka. Ulikibonyeza ukiwa na shaka ndogo, Phelps akamrukia mama wa watu kwa makelele kana kwamba amemkamata na kisu mkononi. Gemu ilipotolewa upya mwaka 2017 majina ya vitufe yalibadilishwa, angalau ukajua unachokwenda kumfanya mtu afanye.

Kama unamtaka Willy Gamba, ichukue, utafurahi. Kuanzia hapa nazungumza na watu wa Bwana Msa.

Hatua ya pili: uliza nani anatamka jibu

Hili ndilo la msingi, nitakaa hapa kidogo.

Kila gemu ya upelelezi ina siri. Tofauti inaonekana pale wewe unapoijua siri hiyo. Katika gemu dhaifu huna njia ya kusema kwamba umejua. Unaendelea kubonyeza na kubonyeza mpaka mhusika naye azinduke, kisha anakusimulia kwa fahari jambo ulilolijua tangu asubuhi. Katika gemu nzuri, gemu inakaa kimya mpaka wewe utamke. Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuta majibu ya maswali haya: jibu linatolewaje? Naweza kukosea? Na nikikosea, naweza kujaribu tena na tena mpaka nibahatike?

Hilo la mwisho ndilo linaloziangusha nyingi. Ukiwekewa watuhumiwa watatu na nafasi zisizo na kikomo, hapo hakuna tena upelelezi, kuna kubonyeza mara tatu.

Tazama jinsi Lucas Pope alivyolitatua katika Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018. Merikebu ya kampuni ya East India ya Uingereza iliondoka London mwaka 1802, ikapotea kabla ya kufika Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka 1807 inajirudia yenyewe bandarini Falmouth bila mtu hai juu yake. Wewe ni mkaguzi wa mambo ya bima. Umepewa kitabu chenye orodha ya watu 60 waliokuwamo, mchoro wa sura zao, na saa ya mfukoni ambayo ukiisogeza kwenye maiti inakurudisha dakika ileile mtu alipokufa. Unasikia maneno machache ya mwisho gizani, kisha picha inasimama na unaweza kuizunguka. Basi. Kazi yako ni kuandika kila mmoja ni nani, alipatwa na nini, na kama aliuawa, nani alimuua.

Ujanja uko kwenye kuthibitisha. Gemu haikuambii kama umepatia mpaka uwe na watu watatu sahihi kwa pamoja. Ukibahatisha mmoja, hujui. Ukibahatisha wawili, bado hujui. Kubahatisha majina matatu na vifo vitatu kwa mpigo ni kazi ngumu kuliko kufikiri, kwa hiyo unafikiri. Na zinapofungika tatu kwa pamoja, raha yake haina mfano. Sitakudanganya kwamba mlango wa kubahatisha umefungwa kabisa. Mwishoni, majina yakibaki machache, mtu anaweza kuyazungusha. Lakini kufikia hapo umekwisha kutembea merikebu nzima.

The Case of the Golden Idol ya mwaka 2022, iliyotengenezwa na ndugu wawili wa Latvia, imepita njia nyingine. Unaoneshwa tukio lililoganda, mara nyingi sekunde ya kifo chenyewe: mtu anaanguka jabalini, mwingine amesimama nyuma yake. Unapekua mifuko, barua, meza, na kila unachogusa kinakupa neno: jina la mtu, kitendo, kitu. Kisha unajaza nafasi zilizoachwa wazi katika maelezo ya kilichotokea. Ukikosea, gemu inakwambia umekosea, ila haisemi wapi. Ukikaribia sana, inakudokeza kuwa makosa yamebaki mawili au pungufu. Hapo ndipo utakapokunja uso kwa nusu saa ukitazama sentensi moja. Ile iliyofuata, The Rise of the Golden Idol ya 2024, imehamia miaka ya 1970 na ni ndefu zaidi. Anza na ya kwanza.

Wala si wazo jipya. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ilitoa Deadline, gemu ya maandishi matupu. Mchezaji aliandika amri kwa mkono, saa ya ndani ya gemu ilimpa muda wa saa 12 kumaliza uchunguzi, na ndani ya boksi alikuta karatasi za kweli: mahojiano ya polisi, ripoti ya maabara, hata vidonge vya kuigiza ushahidi. Ungeweza kumkamata mtu asiyehusika na gemu ingekuacha umkamate. Inashangaza kwamba miaka zaidi ya 40 baadaye bado zinatengenezwa gemu za mamilioni ya dola zinazomwogopa mchezaji asije akakosea.

Kipimo changu kina mipaka, nakiri, na gemu mbili zinakivunja bila kuomba radhi. Her Story ya Sam Barlow, ya mwaka 2015, haikuulizi chochote mpaka mwisho. Umekaa mbele ya kompyuta chakavu ya polisi yenye vipande vya video vya mwanamke aliyehojiwa mwaka 1994. Unaandika neno, kompyuta inakuletea vipande ambamo mwanamke huyo analitamka, lakini vitano vya mwanzo tu. Maneno ya kawaida hayakufikishi mbali, kwa kuwa vitano hivyo ni vilevile daima. Inabidi usikilize, unase neno adimu alilolipitisha harakaharaka, ulitafute hilo. Hapa jibu halitamkwi popote. Upelelezi wenyewe umo katika kuchagua neno. Ya pili ni Disco Elysium ya 2019, nitaifikia kwenye lugha.

Hatua ya tatu: pima uzito wa lugha

Hakuna hata moja kati ya gemu ninazozitaja iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa gemu ya mpira hilo si neno. Kwa gemu ya upelelezi ni jambo la kwanza la kuangalia baada ya bei, kwa sababu uongo wa mshukiwa hukaa kwenye namna alivyosema, na mtu anayesoma Kiingereza kwa jasho anaweza kuukosa bila kosa lake.

Disco Elysium ina maneno zaidi ya milioni moja. Unaamka katika hoteli mbovu, mlevi uliyejisahau hata jina, na nje kuna mtu aliyenyongwa mtini ambaye ulipaswa kumshughulikia siku kadhaa zilizopita. Mwenzako Kim Kitsuragi anakuvumilia kwa upole wa kutisha. Ustadi wako 24 unaongea kichwani mwako kama ukoo mzima uliokutana msibani. Maamuzi makubwa hutegemea kete, si akili yako, kwa hiyo kwa kipimo changu cha awali inaanguka kabisa. Na bado ni kati ya maandishi bora yaliyowahi kuwekwa ndani ya gemu. Kama Kiingereza chako ni cha kusoma magazeti bila kusita, ingia. Chukua toleo la The Final Cut la mwaka 2021 ambalo mazungumzo yote yametiwa sauti, maana sikio humsaidia msomaji. Kama si hivyo, iache kwa sasa.

Obra Dinn ina maandishi machache, lakini masikio yanahitajika: lafudhi ya mtu gizani inaweza kukwambia anatoka nchi gani, na orodha ya majina inataja nchi ya kila mmoja. Vyeo vya melini vimeandikwa kwa Kiingereza cha mabaharia wa zamani. Hapa mtu wa pwani ana ahueni kidogo, kwa kuwa anajua kwamba nahodha na serahangi si mtu mmoja, na kwamba kila kazi chomboni ina mahali pake pa kusimama. Kitabu chenyewe kina faharasa ya maneno; itumie.

Kama lugha ndiyo kikwazo, nunua Chants of Sennaar, iliyotoka 2023 kwa watengenezaji wa Toulouse, Ufaransa. Hakuna maiti wa kuchunguza. Upo kwenye mnara ambao kila ngazi ina watu wake na lugha yao ya alama, na lugha hizo zote zimebuniwa, hivyo Mwingereza na Mdigo wanaanza sawa. Unaona alama mlangoni, unaona mtu akiitumia huku akionyesha juu, unaandika makisio yako chini yake. Unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, gemu haijali. Baadaye daftari linakuletea michoro, na ukiziweka alama za ukurasa mzima mahali pake sahihi, zinathibitishwa zote kwa mpigo. Ni ujanja uleule wa Obra Dinn, tena nadhani ndiyo gemu bora kabisa ya kumpa mtu anayedhani hawezi gemu za kufikiri.

Hatua ya nne: anza na za bure, ujipime

Kabla ya kutoa shilingi, cheza hizi kwenye kivinjari. Bando halitaisha.

Clues by Sam ni fumbo la kila siku. Unawekewa watu 20 kwenye jedwali, kila mmoja na jina na kazi yake, na unatakiwa uamue nani mhalifu na nani hana hatia. Ukimwamua mmoja kwa usahihi, anakupa kidokezo kuhusu wengine: pengine kwamba jirani zake wahalifu ni wawili, au kwamba safu fulani ina watu wasio na hatia zaidi ya nyingine. Uzuri wake ni huu: ukimtia mtu hatiani bila kuwa na hoja, gemu inakataa na kukwambia ushahidi hautoshi, hata kama kweli ni mhalifu. Sijaona hakimu mkali kuliko huyo. Inachukua muda wa kikombe cha chai, na ikikuudhi jua kwamba gemu za mantiki kavu hazikufai, tafuta zenye hadithi.

Murdle nayo ni ya kila siku: watuhumiwa, silaha, mahali, na vidokezo vya kuviunganisha kwa kuweka alama kwenye gridi. Ni ya kizamani kwa mtindo, na maelezo yake yana utani mwingi. Fumbo gumu likija, mmoja wa washukiwa atakuwa anadanganya.

Kisha pakua toleo la majaribio la Golden Idol kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Ni la bure, lina kesi za mwanzo, na litakwambia ndani ya saa moja kama mtindo huo ni wako.

Hatua ya tano: linganisha na chombo ulichonacho, na namna ya kulipa

Mwenye simu peke yake hajakosa. Her Story ipo kwa Android na iPhone. Mfululizo wa Ace Attorney upo pia, zile tatu za mwanzo zikiwa zimefungwa pamoja. Ulianzia Japani mwaka 2001 kwenye Game Boy Advance, mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi. Wewe ni wakili wa utetezi, unasikiliza ushahidi kifungu kwa kifungu, na shahidi anapojikanyaga unamtolea kielelezo kinachompinga. Kupiga meza na kupaza sauti ya kupinga mahakamani hakujawahi kuchosha. Dosari yake ni ile niliyoisema juu: mara nyingine umekwisha kujua kila kitu, ila gemu inakitaka kielelezo kilekile kwenye sentensi ileile, na ukikitoa sentensi moja kabla unapoteza alama. Gemu za Golden Idol nazo ziliwahi kuwekwa kwenye simu kupitia Netflix kwa waliojiunga. Hakikisha bado zipo kwenye orodha yao kabla ya kulipia kwa ajili hiyo.

Laptop ya kawaida ya ofisini inaziweza Her Story na Golden Idol bila wasiwasi. Obra Dinn ni ya rangi mbili tu kama gazeti la zamani, lakini ndani yake ni ya pande tatu, kwa hiyo soma mahitaji yake kwanza chini ya ukurasa wake wa Steam. Shadows of Doubt, ambayo inakutengenezea mji mzima wenye wakazi, kazi, anwani na alama za vidole vyao, na kuua mmoja wao ili umtafute muuaji, inaitesa prosesa. Usiitie kwenye mashine ya miaka kumi. Obra Dinn imetolewa pia kwa mashine za gemu: Switch, PlayStation 4 na Xbox One.

Malipo ndiko watu wanakokwama. Njia ya kawaida ya kulipa Steam ni kadi. Kwa Kenya, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay hutengenezwa ndani ya simu na inakubaliwa kama Visa nyingine. Mitandao ya simu ya Tanzania nayo ina kadi za namna hiyo, na benki nyingi ukiwaambia wanakufungulia kadi yako ya kawaida kwa manunuzi ya mtandaoni. Tia kiasi cha gemu na ziada kidogo, kwa sababu bei inahesabiwa kwa dola na makato hayakosekani. Bei kamili ya Obra Dinn ni karibu dola 20. Usilipe bei kamili kama huna haraka: iweke kwenye orodha yako ya matamanio, Steam itakuandikia barua pepe ikipunguzwa.

Na ujue haki yako. Steam inarudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa hizo mbili zitumie kama kesi ya majaribio. Je, umewahi kusimama ukafikiri, au umekuwa ukifuata mshale? Kama saa ya kwanza yote umepewa mafunzo na mazungumzo, na ya pili vilevile, usijipe moyo kwamba itachangamka. Omba hela.

Hatua ya sita: soma maoni bila kuharibiwa

Gemu hizi huchezwa mara moja. Ukiambiwa muuaji, umeibiwa, na hakuna kituo cha polisi cha kushitaki. Kwa hiyo usisome majadiliano, usitazame video zaidi ya dakika kumi za mwanzo, na funika sehemu ya maoni chini ya video kwa kidole ikibidi. Kuna watu duniani kazi yao ni kuandika jina la muuaji mahali pa kwanza wanapopata nafasi.

Soma maoni mabaya kabla ya mazuri. Anayelalamika kwamba gemu haikumsaidia, haikumwonyesha pa kwenda, au ilimlazimisha kutumia karatasi, amekuandikia tangazo la biashara bila kujua. Anayelalamika kwamba alilijua jibu mapema na gemu ikamburuza, msikilize kwa makini. Na ukiona kwenye lebo za gemu imeandikwa "Hidden Object", unajua umerudi kulekule kwenye kisu na kiatu.

Hatua ya saba: cheza kwa daftari

Karatasi, si programu ya simu, maana simu italia na utaondoka. Gawa ukurasa: upande mmoja andika uliyoyaona kwa macho, upande wa pili unayoyadhani. Ukikwama, mara nyingi utakuta jambo moja la upande wa pili limejipenyeza la kwanza. Katika Obra Dinn angalia mavazi, viatu, nani anakaa karibu na nani, nani anamlilia nani. Zaidi ya hapo sisemi.

Chezeni wawili mkiweza. Gemu hizi zimeandikwa za mtu mmoja, lakini mmoja akishika kipanya na mwingine daftari, zinakuwa nzuri mara mbili. Mbishi anafaa kuliko mkubalifu. Atakwambia yule si fundi seremala, utamwambia ni fundi seremala, mtarudi kuangalia, na mtaona kitu cha tatu ambacho hakuna kati yenu aliyekuwa anakitafuta.

Mkikwama kabisa, zimeni mkalale. Kufungua majibu mtandaoni ni rahisi mno, na ukifungua moja utafungua la pili kabla ya saa kupita. Kama lazima, mwombe mtu aliyemaliza akwambie utazame wapi, asikwambie utaona nini.

Hatua ya nane: panga foleni yako

Usianze na bora kuliko zote, zitakazofuata zitaonekana chapwa. Wiki mbili za Clues by Sam kila asubuhi. Kisha Duck Detective: The Secret Salami ya 2024, ambayo wewe ni bata mwenye koti la kipelelezi na matatizo ya ndoa, inaisha kwa saa mbili au tatu, maneno yake ni mepesi, na mfumo wake wa kujaza sentensi unakuandaa kwa Golden Idol. Golden Idol ifuate. Halafu Chants of Sennaar, upumzishe Kiingereza. Ndipo Obra Dinn, wikiendi ambayo huna harusi wala kikao cha ukoo.

Ukiimaliza Obra Dinn utahisi hakuna tena. Ipo The Roottrees are Dead ya 2025, ambamo unachora ukoo mzima wa matajiri wa peremende kwa kutumia intaneti ya mwaka 1998, ile ya kupiga simu na kusubiri. Inathibitisha kwa watu watatu watatu pia, na ina kusoma kwingi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na bibi akaeleza nani ni shangazi wa nani kwa mama yupi ataingia nyumbani. Na kwa asiyetaka kulipa, ipo Type Help, ya bure kwenye tovuti ya gemu ya itch.io, maandishi matupu, haina hata picha moja: watu wamekufa katika nyumba, umepewa mafaili machache, na mengine hayafunguki mpaka ukisie majina yake. Jinsi majina hayo yalivyopangwa ndiyo dalili ya kwanza. Ifungue kwenye kompyuta badala ya simu, maana utaandika sana.